Diski ya Baba Kwenye Chungu cha Mbegu

Kasulu, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, matope hadi mlangoni, na mimi nina aibu.

Nianze na tabia yangu: siamini watu. Fundi wa studio aliponichomea picha za Baba kwenye diski aliyosema haifutiki wala haiozi, itakaa miaka elfu, nilimkazia macho. Miaka elfu! Nani atarudi kumuuliza?

Lakini sikuwa na jinsi. Zilikuwa picha za miezi ya mwisho ya Baba, na simu niliyopigia iliibiwa stendi. Nakala ilibaki hiyo moja. Nikaipeleka nyumbani Murungu, nikaiweka kabatini kwa Mama, nikamwambia inatakiwa ikae miaka mingi.

Safari iliyofuata sikuikuta. Mama akasema, "Ipo, nimeitunza," bila kuinua macho kwenye mboga. Nikajua anamfichia mtu.

Na mtu nilimjua. Yasinta, mke wa kaka, anaishi ua mmoja na Mama. Nilipokuwa nampiga Baba picha alinishika mkono: "Wifi, zifute hizo. Baba asikumbukwe hivi." Ushahidi gani tena? Tangu hapo akinisalimia mwidiwe yake ya asubuhi, naitikia huku naangalia kuku.

Siku moja akiwa shambani nilipekua chini ya godoro lake.

Jana tulitaka kupanda. Mama akafungua chungu cha maharage ya mbegu, akazamisha mkono kwenye majivu tunayotia yasibunguliwe, akatoa diski yangu.

"Si ulisema ikae miaka mingi?" akanishangaa. "Kitu cha kukaa kinatiwa majivu, mwanangu."

Yasinta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza.

Leo nimeipeleka studio. Fundi ameuliza mara mbili, "Majivu?" Ameiosha, ameipangusa, imejaa mikwaruzo. Mashine imenguruma muda mrefu, nami nimeanza kumshuku upya kwamba aliniuzia ya kawaida. Kisha picha zimefunguka. Zote.

Sikuwa nimezitazama tangu msiba. Baba ananyweshwa uji. Baba anaoshwa miguu. Baba anainuliwa akaote jua. Karibu kila picha ina mikono ileile, na kitenge kilekile cha kijani. Ni Yasinta. Katika moja ananitazama, amechoka, mdomo wazi. Nadhani ndipo aliposema nizifute.

Na mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa nimeshika simu.

Jumamosi napanda basi kwenda Murungu kumwambia Yasinta yote, hata la godoro. Nimeyaandika hapa mbele za watu kwa sababu najijua: kufika Ijumaa nitakuwa nimeshapata kisingizio.