Dubu Kipofu na Guka

Jumanne, Garland

Bado yule dubu hanitoki kichwani. Nilisoma habari zake kwa ajili ya somo la historia chuoni huku ughaibuni: Uingereza ya zamani, dubu kipofu amefungwa mnyororo, watu wamelipa kiingilio, wanamzunguka na kumchapa mijeledi huku wakicheka. Halafu mwenye dubu anamwosha vidonda na kumlisha vizuri, maana kesho kuna onyesho lingine.

Nilimchukia sana huyo mwenye dubu. Nikaingia kazini, kwenye nyumba ya wazee, na hasira hizo hizo.

Nikakuta wenzangu wamemzunguka Guka. Ndivyo ninavyomwita mzee mmoja asiyeona, kama ninavyomwita babu yangu wa Nyeri. Mmoja anamgusa sikio, mwingine anamvuta blanketi, naye anarusha ngumi hewani akitukana. Nilisimama mlangoni na bakuli la uji.

Nikacheka. Kicheko kilinitoka tu, kikubwa, mimi ambaye nyumbani sithubutu hata kumkatiza mzee akiongea.

Walipoondoka nikamfuta jasho, nikaanza kumlisha. Akanishika mkono.

“Wewe una roho nzuri,” akasema. “Wale waliokuwa wakicheka wameenda?”

Nikamwambia wameenda wote.