Ndege Waliokuwepo

Jumatatu, 2 Februari

Saa kumi na mbili kasoro robo. Nimekaa kwenye gogo mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa. Ukungu hakuna. Bado giza-giza, kwa hiyo nahesabu kwa masikio, kama nilivyofanya miaka yote.

Njiwa. Dudumizi. Kunguru. Hondohondo wawili, wanapita kuelekea msituni. Shore. Kulipopambazuka nikaongeza niliowaona: mwewe, mnana, pugi na wengine watatu. Jumla kumi na mmoja.

Februari ya mwaka juzi nilikuwa naandika ishirini na tatu, ishirini na tano, na chai bado haijaiva.

Wiki tatu sasa tangu jirani yangu Valerian aache kupulizia dawa kahawa yake. Ndege hawajarudi. Maua ya migomba yamejaa na sisikii chozi, yule kindege mnyonya maua, hata mmoja. Labda sumu inakaa ardhini muda mrefu. Sina maelezo mengine.

Jumatano, 4 Februari

Ofisi ya utalii ya Moshi wamepiga. Wana mgeni wa kutazama ndege, Mwalimu Zuhura, mstaafu kutoka Tanga. Anafika Ijumaa. Anataka kiongozi mzoefu, wakanitaja mimi. Binti wa ofisini alirudia jina mara tatu. Nikamwambia mtandao mbaya.

Consolata anasema redio yetu inasikika mpaka barabarani. Mke wangu anapenda kutia chumvi.

Nimekutana na Valerian njiani. Amepita. Tangu ule mkutano wa kitongoji hanisalimu. Tulisoma darasa moja, tukapokea komunyo ya kwanza siku moja. Lakini nilichosema mkutanoni nilikisema kwa ushahidi. Nilisimama na madaftari yangu, nikasoma hesabu za mwaka juzi na za mwaka huu. Nikasema dawa ya Valerian inaua ndege, na kinachoua ndege leo kitaua watoto kesho. Watu wakaogopa. Mwenyekiti akamzuia kupulizia mpaka afisa kilimo aje kupima. Afisa hajaja.

Valerian alijibu neno moja tu. "Sawa."

Ijumaa, 6 Februari

Nimempokea Mwalimu Zuhura stendi ya Moshi. Mwanamke mrefu, miaka sitini na sita, sweta mbili juu ya baibui na darubini kuukuu shingoni. Nikampa shikamoo. "Marahaba, kaka. Mlima wenu huo umejificha, au unanionea haya?" Ulikuwa umefunikwa na wingu.

Ametazama ndege wa pwani miaka thelathini. Anasema kule kwao amemaliza, sasa anarudia walewale. Hapa anamtaka mmoja: yule kwenzi mdogo wa msitu wa juu, mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, jicho la njano. Anataka arudi Tanga kabla ya mfungo kuanza.

Nimemwona kwenzi huyo mara nyingi. Hukaa juu kabisa ya miti mirefu. Kwanza unamsikia anapiga mluzi, ndipo unamtafuta. Nikamwambia hakuna shida.

Amefikia nyumba ya wageni ya masista.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika hii mchana.

Mwalimu alitaka aanze na ndege wa nyumbani kabla ya msitu. Tukakaa kwenye gogo, kila mtu na daftari lake. Saa moja na nusu tukalinganisha. Mimi kumi na mmoja. Yeye ishirini na wanne.

Nilidhani anahesabu vibaya, mgeni wa mlimani. Nikachukua daftari lake nikasoma. Hakuwa amekosea. Chozi wa aina tatu. Vile vindege vidogo vya majani ambavyo sijaviandika tangu mwaka jana. Wote wa hapa hapa.

Akasema, "Na huyu anayepiga kelele hapa juu ya ua la mgomba, wewe humwandiki kwa nini?"

Nikatazama. Chozi dume, hatua nne kutoka tulipokaa. Mdomo unafunguka na kufunga. Koo linatetemeka.

Kimya kabisa.

Nikamwambia mwanamke huyu wa watu kwamba chozi ni wengi mno, nimeacha kuwahesabu. Nimemdanganya mgeni wangu na yeye amenitazama muda mrefu kidogo, kisha akanywa chai.

Jumapili, 8 Februari

Misa ya kwanza. Watu wamepiga magoti, mimi nimechelewa. Kengele ndogo ya altareni. Sikuisikia. Sasa najua ni muda gani nimekuwa nikipiga magoti kwa kutazama wenzangu.

Nyumbani nimejipima. Saa yangu ya mkononi ina mlio. Nimeiweka kwenye sikio la kulia, la kushoto, nikabonyeza. Hakuna kitu. Consolata akaita kutoka jikoni, "Baba Anna, hiyo saa inalilia nini?"

Sauti nzito nazisikia. Hondohondo, dudumizi, watu, ng'ombe. Nyembamba zimekwenda, na zimekwenda polepole hata sikuaga.

Kwa hiyo hakuna ndege aliyekufa. Nilisoma masikio yangu mbele ya mkutano nikayaita sumu ya Valerian.

Sijamwambia mtu. Kama ofisi wakijua, kazi imekwisha. Nani atamkodi kiongozi wa ndege ambaye ni kiziwi? Nina miaka hamsini na minane na sijui kazi nyingine.

Jumatatu, 9 Februari

Msituni na Mwalimu. Getini saa kumi na mbili na nusu. Tumeona shorobo wawili, mabawa mekundu yakiwaka kwenye kijani. Hondohondo zaidi ya ishirini kwenye mti mmoja wenye matunda. Kigong'ota. Mwalimu amefurahi.

Saa nne akasimama ghafla, kidole juu. "Mluzi huo. Ndiye?" Nikasema ndiye, nikashika njia ya kushoto kwa uhakika wa mtu mzima. Baada ya hatua kumi hivi akaniita. "Bwana Aloyce. Sauti iko kulia."

Tulipogeuka alikuwa ameruka. Ukungu ukashuka, hatukuona kitu tena. Nimekuwa natembeza watu msitu huu miaka ishirini na sita. Nimeona aibu hata kula chakula nilichobeba.

Wakati wa kurudi tumepita kando ya kihamba cha Valerian. Alikuwa ameinamisha tawi la kahawa, anatazama. Buni changa zimeanza kuwa nyeusi. Chulebuni. Ugonjwa huu ukiingia bila dawa hauna huruma. Alituona. Akamsalimia Mwalimu kwa heshima zote, shikamoo na pole na safari. Mimi hakuniangalia.

Jumanne, 10 Februari

Mvua kidogo asubuhi, hatukupanda. Mwalimu amekuja nyumbani kuota moto jikoni. Anasema baridi yetu ina meno. Consolata alipotoka kumkatia ng'ombe majani, akaniuliza bila kuzunguka.

"Tangu lini?"

Nikamwambia sijui. Mwaka, labda miwili. Nikamwambia nimejua Jumamosi, pale kwenye ua la mgomba. Hakunipa pole. Nilishukuru kwa hilo.

Kisha nikamweleza habari ya Valerian yote, mkutano, madaftari, na zile buni alizoziona jana. Sikukusudia kueleza yote. Akasikiliza kama anasahihisha mtihani.

"Mimi kunidanganya nimekusamehe. Lakini yule jirani yako, kahawa yake inamsubiri nani?"

Nikasema nitakwenda akishaondoka yeye. Nikamwomba ofisi wasijue mpaka tumalize. Akasema ofisini hana la kusema. Akageuza viganja vyake motoni.

Jumatano, 11 Februari

Sikwenda.

Nilifika hadi kwenye mpaka wa kihamba chake, nikajifanya nakagua migomba yangu. Nikarudi. Mimi ni mwoga. Msituni na Mwalimu leo hatukuona kwenzi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimemwambia Consolata kabla ya chai. Alikaa kwenye kigoda akalia kidogo, kisha akakasirika. Hakukasirikia masikio. Alikasirika kwamba nimekaa na jambo la Valerian siku tano. Akatoka, akachuma jani la sale, akanipa mkononi. "Nenda sasa hivi. Usivae hata viatu vizuri."

Valerian alikuwa ananoa panga. Nikamnyooshea sale kama ilivyo desturi ya mtu anayeomba msamaha. Akalitazama. Hakulipokea. Nikaliweka kwenye ngazi.

Nikasema: Valerian, ndege wapo wote. Dawa yako haikuua kitu. Ni mimi siwasikii. Masikio yangu yameharibika na sikujua, na nimekuharibia jina.

Alinyamaza mpaka nikadhani amejibu na mimi sikusikia. Nikamwomba arudie.

"Sijasema kitu," akasema. Kisha akasema. "Jina? Njoo uone."

Akanitembeza mti kwa mti. Upande wa chini karibu nusu ya buni zimeoza. Alikuwa na dawa ndani siku zote hizo, na bomba la kupulizia limening'inia ukutani, na yeye ametii kwa sababu mkutano umesema. Ningekuwa mimi ningepulizia kwa siri. Yeye hapana.

"Ungeniuliza kwanza, Aloyce. Ungekuja hapa na daftari lako, tukakaa wawili. Ulianzia kwa watu."

Nikasema nisamehe. Akasema, "Ulisimama mbele ya watu. Kasimame tena."

Hakunikaribisha kukaa. Nimetoka pale moja kwa moja kwa mwenyekiti. Amemruhusu Valerian kupulizia kuanzia leo, na Jumapili baada ya misa nitapewa nafasi ya kusema.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya mwisho ya Mwalimu. Saa moja tulikuwa ndani ya msitu. Leo sikujifanya. Nilimwambia atangulie, na akisikia mluzi aninyooshee kidole tu.

Saa tatu akanyoosha. Nikapandisha darubini kwenye kilele cha mti mkubwa uliokatika tawi, nikapekua jani kwa jani. Kwenzi mmoja. Kijivu, kifua kina michirizi. Jike. Nikamwelekeza Mwalimu, akampata. Ndege akakaa pale kama muda wa kusoma Salamu Maria moja, kisha akaruka, na dume hakutokea.

Tulisubiri mpaka saa saba. Hakuna.

Nikamwambia samahani, ulimtaka mwenye tumbo jeupe. Akacheka. "Nimesafiri kutoka Tanga kumfuata bwana, nimepokelewa na bibi. Si haba."

Nimemsindikiza hadi mjini, kesho alfajiri anapanda basi. Mlangoni pa nyumba atakayolala akanipa ukurasa wa daftari lake, wale ndege ishirini na wanne wa kihambani, kwa mwandiko wa ubaoni. Nimekunja, nimeweka mfukoni. Sikuweza kumshukuru vizuri.

Jumapili, 15 Februari

Nimesimama. Watu kama themanini, nje ya ofisi ya kitongoji. Niliandika maneno ya kusema, halafu sikuyasoma. Nikasema mwezi uliopita niliwaambia ndege wamekufa kwa dawa ya Valerian. Si kweli. Ndege wapo. Mimi ndiye nisiyesikia. Valerian alitii jambo la uongo na kahawa yake imeoza kwa sababu yangu.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama mmoja akasema kitu, sikukipata, na wengine wakacheka pia. Nilibaki nimesimama. Mwenyekiti akauliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

Valerian aliondoka kabla mkutano haujafungwa. Nilimwona mgongo tu.

Sijisikii mwepesi kama watu wanavyosema. Nasikia kuchoka.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Misa alfajiri, kisha mjini na Consolata, majivu bado usoni. Daktari wa masikio ni kijana mpole. Kanifungia kwenye chumba kidogo, kanivalisha vitu masikioni, niinue mkono nikisikia. Muda mwingi mkono ulikaa magotini. Sauti nyembamba hazitarudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vitanisaidia na watu. Chozi hakuahidi.

Nikapita ofisini nikawaambia mwenyewe. Bosi alikuwa muungwana. Alisema watanipigia. Nimeongoza watu wengi na najua sauti ya mtu asiyekusudia kupiga.

Consolata alinishika mkono njia nzima hadi stendi. Hatujashikana mikono barabarani tangu tukiwa vijana.

Jumatatu, 23 Februari

Hakuna simu. Nimelima. Nimesafisha banda. Valerian anapulizia, nimeona bomba mgongoni mwake. Upande wa juu buni bado za kijani. Upande wa chini zile nyeusi lazima zichumwe zote zichomwe, la sivyo ugonjwa unapanda. Ni kazi ya mikono mingi na wanawe wako Dar.

Jumamosi, 28 Februari

Leo nimekwenda bila kuitwa. Nimebeba ndoo yangu. Valerian alikuwa mti wa tatu. Nikaanza wa nne.

Alinitazama. Nikaendelea kuchuma. Hakunifukuza.

Tumefanya kazi mpaka saa nne, yeye mstari wake, mimi wangu. Buni nyeusi ni nyepesi, ukiminya zinavunjika kama mkaa. Ndoo mbili, tatu, tano. Mkewe akaleta kiburu, sahani moja kubwa, vijiko viwili. Akaiweka katikati yetu akaondoka. Tumekula. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri na maharage.

Baada ya kula nikageukia mti uliofuata. Nikawa nachuma, nikahisi mtu. Valerian ameacha mstari wake, amezunguka mti mzima, amesimama mbele ya uso wangu. Inaonekana alikuwa ameshasema kitu nyuma yangu.

Akakisema tena, taratibu, akiniangalia.

"Kesho baada ya misa tunaanzia bondeni."

Nikasema nimesikia.