Mikono Niliyoirudisha Nyuma

Kayole,
Jumapili mchana.

Kwa Susu, nyanya yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwa Shangazi. Macho yanaendeleaje tangu daktari akupe ile dawa? Mvua imefika, au bado mnayaangalia mawingu yakipita tu? Sisi tu wazima. Shuleni bado sijajibu swali hata moja bila kuitwa jina.

Susu, kuna jambo limenikaa kooni. Asubuhi ile ulipokuwa ukirudi nyumbani baada ya kututembelea huku, tulisimama langoni kwa ploti ukaniambia, "Lete mikono." Nilijua unataka kunitemea mate ya baraka viganjani, kama ulivyomtemea Mama akiolewa. Lakini Zeinab wa nyumba ya chini alikuwa hapo anafua, akacheka: "Mwende, leo unaoga mara mbili." Nikairudisha mikono nyuma. Halafu nikakunyooshea ngumi tugotane. Ukaitazama ile ngumi kama mtu aliyepewa jiwe, ukasema tu, "Haya, mama."

Huku, tangu korona, watu hawashikani sana. Kanisani tulikuwa tukipeana mikono ya amani. Siku hizi tunapungiana, kila mtu kwenye kiti chake. Ugonjwa ulipoa, hayo yakabaki. Hata mimi barakoa bado naivaa, maana uso ukifichika hakuna anayenisemesha. Kwa hivyo nisikudanganye eti niliogopa kuambukizwa. Nilikuonea aibu wewe, Susu, mbele ya Zeinab. Hilo ndilo linaniuma.

Jana Mama alipiga simu. Akasema kaka Kioko alipokuja kukuaga akienda chuo, ulimpungia kutoka mlangoni. Alipokukaribia ukamwambia, "Simama hapo hapo. Nyinyi watoto wa siku hizi hamguswi." Basi ameenda bila baraka, na kosa ni langu.

Nisamehe. Shule zikifungwa nitakuja, na barakoa nitaiacha huku. Ukikataa kunitemea nitaelewa.

Msalimie Mama, na Mjomba mchonga vinyago, umwambie kifaru cha mti alichonichongea kiko juu ya televisheni. Shangazi anakusalimu sana.

Najua anayekusomea barua hii ni Ndanu, mdogo wangu, na baada ya wiki mbili anahamia shule ya bweni. Ndanu, ukifika mwisho, weka barua chini, umpe Susu mikono yote miwili.

Susu, tafadhali. Huyu hajakukosea kitu.

Mjukuu wako,
Mwende