Rehema na Babu wa Nyuma ya Mkeka

Mama yangu,

Nimeolewa, Mama, na nina furaha mpaka naona haya. Naimba nikiosha vyombo, naimba nikipepeta mchele. Jana jirani yetu Mama Saidi, ambaye mumewe ana duka la nguo, aliniuliza akiwa ng'ambo ya ua, "Bibi harusi, wimbo huo hauna mwisho?" Nikamwambia hauna.

Lakini si furaha yangu tu iliyonikalisha kuandika. Siku ile hospitalini Iringa ulinishika mkono ukasema neno moja juu ya mdogo wangu: "Rehema asilelewe mahali ambapo hakuna anayejua kuwa anaogopa radi." Mimi nililia tu. Ukaondoka bila kujibiwa. Leo jibu ninalo, na sikuweza kungoja mpaka nije Kihesa kukuambia kaburini.

Kwanza nikuambie juu ya Lusekelo. Ungempenda, Mama! Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, karani wa kazi za barabara, mrefu kiasi kwamba akiingia jikoni kwangu huinama kama anayeomba radhi. Alikuja Iringa na wapima barabara, Jumapili akaketi benchi la mbele yetu kanisani, akaimba vibaya kwa sauti kubwa bila kujali. Nilimpenda kabla sijaona uso wake. Shule niliyosoma mpaka darasa la kumi haikunifundisha maneno ya kueleza jinsi moyo unavyofanya baskeli yake inapolia kengele pale kwenye kona. Basi, niyaache. Najua ungekuwa unacheka.

Baada ya kukuzika, Shangazi alimchukua Rehema. Alimpenda, usidhani vinginevyo. Lakini magoti yake yalimshinda, mgongo nao ukainama, na siku moja aliniambia, "Twilumba, mimi mwenyewe sasa nangoja mtu wa kunichotea maji. Nitamchotea nani?" Tangu Baba aende kwenye mkonge asirudi, hapakuwa na mwingine. Ndipo akaenda kwenye kituo cha watoto yatima cha misheni, na Bibi Mkuu wa pale akakubali kumpokea Rehema baada ya mavuno, isipokuwa kama mimi, niliyekuwa karibu kuolewa, ningempatia nafasi nyumbani kwa mume wangu.

Nilikwenda kukiona kituo. Sina la kukisema vibaya. Vitanda vimepangwa vizuri, mashuka ni meupe, watoto wamekunywa maziwa na nyuso zinang'aa. Nikamuuliza mlezi mmoja, "Mvua ya radi ikija mnafanyaje?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Tunafunga madirisha, dada." Angefanya nini zaidi? Watoto ni wengi, na yeye ana mikono miwili. Lakini nilirudi Kihesa nikilia njia nzima.

Lusekelo nilipomwambia hakufikiri hata kidogo. "Aje," alisema. Kisha akajikuna kichwa. Baba yake anakaa naye Mbeya, na kwao mtoto wa upande wa mke haingizwi kulelewa nyumbani mpaka mwenye nyumba, yaani mzee, atoe neno lake. "Baba ni mtu mwema," akaniambia. "Akikuona tu atakubali."

Akikuona tu! Mama, sikiliza sasa.

Tulishuka kwenye basi Mbeya, baridi inauma, Rehema amevaa lile sweta ulilomfumia, mikono imeshakuwa mifupi. Tukafika nyumbani. Mzee ameketi barazani na fimbo yake, macho yamefifia kwa ukungu. Nami nikafanya vile ulivyonilea. Nikaenda mpaka miguuni pake, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikasema salamu ya kwetu, "Kamwene, baba!" Nilisema kwa nguvu sana, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa macho yake hayaoni vizuri, na kwa kuhangaika nikayafanya kuwa masikio.

Mzee alijifunika blanketi kichwani kama aliyemwagiwa maji. Akainuka, akajigonga kwenye mwimo wa mlango, akapotelea ndani. Nyuma yangu Lusekelo aliliachia sanduku chini.

"Twilumba, kimbia!"

"Nikimbilie wapi?"

"Popote!"

Nikakimbilia nyuma ya jiko, nimevaa gauni langu la harusi lililopunguzwa. Ndipo Lusekelo alipokuja kunieleza, nusu anatetemeka, nusu anakufa kwa kucheka. Kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mzee akipita, mkwe hujificha. Jina lake halitaji, ndiyo maana silitaji hata humu. Na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mimi niliyepiga magoti kwa heshima nilikuwa nimemvua mzee nguo mbele za watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani Baba ameacha mambo hayo tangu abatizwe. Halafu, Twilumba, njia nzima nilikuwa nakuwaza wewe tu."

Utamkasirikiaje mtu wa namna hiyo?

Lakini mzee hakucheka. Alisema anarudi Tukuyu. Kule nyumba yake ni tupu: mama mkwe alikwisha kufa, na wana wengine wamekwenda migodini kusini. Nani angemwongoza mpaka hospitali kutibiwa macho? Na akiondoka kwa kukasirishwa na mimi, neno la Rehema ningelipata kwa nani? Nililala nimemkumbatia mtoto kama mtu aliyeiba.

Lusekelo alimbembeleza. Akatundika mkeka wa matete kati ya chumba cha nyuma na ukumbi, akafungua mlango wa nje upande ule, ili mzee aingie na kutoka bila kukutana nami. Mzee akasema atakaa kwa muda, aone. Halafu kazi ikamwita mume wangu kwenye barabara ya kule mbele ya Mbalizi. Nikabaki na mzee ambaye siruhusiwi kumwona, na chakula cha kumpelekea.

Rehema ndiye aliyekibeba. Yeye si mke wa mtu, mwiko haumhusu. Alishika bakuli la ndizi kwa mikono yote miwili, ulimi nje, akapita kwenye mkeka. Mimi huku nikanong'ona, "Mwambie Babu, karibu chakula." Naye akapaza sauti kana kwamba mzee yuko ng'ambo ya mto, "Babu, dada anasema karibu chakula!" Sauti nzito ikajibu kwa asante ya kwao, "Ndaga. Mwambie, chumvi imezidi."

Nilifurahi, Mama! Mtu anayekutaarifu kuwa chumvi imezidi hajafunga mizigo.

Tukaendelea hivyo. Mwambie Babu kuna baridi, avae koti. Mwambie dada yako koti limechanika kwapani. Mwambie Babu alete nilishone. Koti likaja, nikalishona, likarudi. Asubuhi nachemsha maji yenye chumvi kidogo, Rehema anampangusa macho kwa kitambaa safi, kisha anamshika fimbo kwa ncha na kumwongoza mpaka hospitali akatiwe dawa. Mama Saidi ndiye aliyenisimulia walivyopokelewa huko, maana alikuwa amempeleka mtoto wake mchanga kupimwa uzito. Dresa, mtia dawa wa pale, alimwona mzee anaongozwa na mtoto aliyeanza juzi tu kung'oka meno, akagomba:

"Mzee, kwenu hakuna mtu mzima?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Ananikimbia kwa heshima."

Mama Saidi anasema benchi zima lilicheka, na dresa mwenyewe akaenda kuuliza kwa wenzake walio Wanyakyusa, akarudi akacheka peke yake.

Lusekelo akirudi hunisomea gazeti kwenye taa. Anasema siku tutakapojitawala, nchi hii itamtunza kila mzee na kila mtoto, kutakuwa na hospitali mpaka vijijini na nyumba nzuri za wasio na mtu. Macho yake yanawaka akisema hayo, nami namwamini kwa sababu ni yeye. Nataka hospitali hizo. Bila dresa yule, mzee angekuwa kipofu sasa. Lakini namwuliza, "Na huyo atakayeletwa kuwatunza, ataambiwa na nani kuwa Babu hapendi chumvi nyingi?" Anasema nitamwambia mimi. Ndiyo mazungumzo yetu ya mapenzi hayo, Mama, usishangae.

Kisha ikaja ile alasiri. Mvua za Mbeya hushuka kutoka mlimani ghafla. Nilikuwa bustanini nikianua haraka nguo zilizoanikwa, radi ikapasua mbingu, nikatupa nguo matopeni na kukimbilia ndani nikiita, "Rehema!" Hayuko kitandani. Hayuko chini ya meza. Nikasimama mbele ya mkeka. Nilitaka kuuinua. Mkono ulishafika. Ndipo nikamsikia mzee upande wa pili, anasema polepole kwa Kiswahili chake cha Tukuyu, "Hii siyo kwako, gwe mwana. Hii inapita tu, inakwenda kwa watu wa Tukuyu, inawajua." Na Rehema, sauti imefunikwa na blanketi: "Inawafanya nini?" "Inawapigia kelele. Wamezoea. Mimi nimepigiwa tangu mdogo, unaniona?"

Nikateremsha mkono. Niliketi sakafuni na nguo zangu zilizoloa, mgongo kwenye matete, mpaka mvua ikaisha. Sikumwambia mzee kwamba Rehema anaogopa radi. Hakuna aliyemwambia.

Miezi michache baadaye Bibi Mkuu wa kituo alipita Mbeya kwa shughuli za misheni. Mavuno yalikuwa yamekwisha, naye, kama alivyoahidi, akaja kumchukua. Lusekelo alikuwa barabarani. Nikamkaribisha ukumbini, nikamtilia chai, nikamweleza kwamba neno la mzee bado. Akasema kwa huruma, "Mwanangu, kama mzee wa nyumba hajatoa neno, siwezi kukuachia. Nilimwahidi shangazi yako." Alikuwa na haki. Nikafunga vigauni vya Rehema kwenye kanga yako, ile ya maua mekundu, nikapiga fundo.

Rehema aliingia nyuma ya mkeka kumuaga Babu. Fimbo ikagonga sakafu.

"Mwambie mama yako," mzee akasema.

Rehema akachungulia, amechanganyikiwa. "Babu, mama yangu alikufa. Yule ni dada."

"Najua aliyekufa. Namheshimu. Mwambie huyu aliyebaki, mama yako: mtoto hatoki nyumba hii. Na mgeni apewe ndizi, asiondoke na njaa."

Rehema hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, neno kwa neno, mpaka ndizi. Bibi Mkuu aliweka kikombe chini, akafungua lile fundo kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeficha uso, nalia, na kwa mara ya kwanza nilijibu moja kwa moja kupitia matete, kwa sauti ndogo kama inavyotakiwa: "Ndaga, baba."

Basi jibu lako ni hilo, Mama. Rehema analelewa mahali ambapo wanajua.

Usihuzunike kwamba ananiita mama sasa. Nakuahidi atalijua jina lako na wimbo wako wa kupepeta, ambao ndio huu ninaouimba kila siku. Kila mwaka baada ya mavuno nitamleta Kihesa, na Shangazi nitamchukua akae nasi. Lusekelo amekwisha kukubali, anajikuna kichwa tu juu ya mahali pa kutundika mkeka mwingine kwa ajili ya Shangazi.

Kwaheri, Mama. Sioni uso wako na wewe hujibu. Lakini nimezoea siku hizi kusema na mtu nimpendaye nisimwone. Nasema polepole, kisha nasikiliza.

Mwanao,
Twilumba