Pua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 1958. Mgori.

Nimetoboa ukuta tena. Tundu la kwanza lilikuwa juu mno. Gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inalala sakafuni. Lazima chumba cha kuogea kiwe na tundu chini kabisa, na dirisha la kufunguka. Vumbi limeingia mpaka kwenye mashuka ya wodi. Sista Marta, mkuu wa zahanati hii ya wazazi, ameliona, akayakung'uta mwenyewe. Namshukuru.

Mafua hayaniachi. Upepo wa Julai unaingia mpaka kwenye mifupa.

Kazi naipenda. Hita za gesi za kuchemshia maji, kama hii ninayofunga, nilizifunga Dar es Salaam, kwenye hoteli. Hii ni ya kwanza kwetu. Wanawake wakijifungua watapata maji ya moto bila mtu kupuliza kuni. Anayepuliza kuni hizo ni mama mkwe wangu. Hapo ndipo penye tabu.

Jumanne, 8 Julai.

Mtungi umesimama nje, kivulini, juu ya zege. Haulazwi hata kidogo. Bomba la shaba limeshapita ukutani.

Mama mkwe anachemsha maji ya wazazi kwenye pipa, nyuma ya chumba kile kile ninachofanyia kazi. Kwetu Wanyaturu mume wa binti na mama wa binti hawakai mahali pamoja, hawatazamani usoni. Akiingia kuchota maji, mimi natokea dirishani. Leo nimeruka mpaka suruali imechanika. Wazazi wodini wamecheka. Mimi nimecheka baadaye.

Amenisemesha akiwa nje ya ukuta. "Baba, hicho chuma chako kitatuua."

Nimeujibu ukuta, "Hapana, mkwe." Nimejiona mjinga.

Jumatano, 9 Julai.

Nimefunga bomba la moshi, limetokea juu ya paa. Nimeridhika nalo.

Mke wangu Naomi kanipikia uji wa ulezi, katia pilipili. Machozi yametoka, pua imebaki imeziba. Ameniambia mama yake analia nyumbani. Anadhani pipa likiondoka, na yeye ataondoka. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nimekosa hamu ya kula.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimemfuata Sista, nikamweleza. Ameshangaa. Mama hafukuzwi. Siku nyingi anamtaka wodini awe anaogesha watoto wachanga, ila hakuna mwingine wa kukaa na moto. Nimefurahi mpaka nimepiga mluzi. Naomi amempelekea mama habari. Hakuamini. Anataka kuisikia kwa Sista mwenyewe.

Nati ya mtungi nimeikaza. Inakazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati nyingine, ili mtu asije akaunga bomba lisilohusika. Kesho kupima uvujaji kwa sabuni, kisha moto. Sista ameshawaalika wanawake waje Jumamosi. Nina haraka. Sipendi kuwa na haraka.

Ijumaa, 11 Julai.

Leo ningekufa.

Asubuhi nilifungua gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye mtungi, shwari. Kwenye bomba, shwari. Kiungo cha mwisho, chini ya hita, kimekaribiana mno na ukuta. Brashi haikufika nyuma. Nilipaka mbele, sikuona povu likivimba, nikasema basi. Nikanusa. Sikusikia kitu. Kwa mafua haya nisingesikia hata mzoga. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo. Tundu la chini mtu alikuwa ameliziba kwa gunia, nadhani kwa upepo huo huo, nami sikulitazama. Nikatoa kiberiti.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe. Akaingia nilimo, akanitazama usoni, akanikamata mkono.

"Weka chini hiyo. Kunanuka mayai viza."

"Mkwe, mimi sisikii harufu."

"Pua yenyewe unayo? Toka."

Akanikokota mpaka nje. Nikakumbuka moto wa pipa, hatua chache tu kutoka ukutani. Nikageuka kuutazama. Majivu yalikuwa yameloa. Alikuwa ameumwagia maji kabla ya kunijia.

Nikafunga mtungi. Tukafungua dirisha na mlango, nikang'oa lile gunia. Tukangoja nje muda mrefu, yeye amenipa mgongo, mimi nimempa wangu. Kisha nikamwomba anisaidie kunusa. Akaingia, akainama mpaka sakafuni, akasema hewa imekuwa safi. Nikafungua gesi kidogo sana. Akanyoosha kidole nyuma ya hita. "Hapa."

Nikafunga tena, nikafungua nati. Washa, ile pete ya mpira ya kuzibia kiungo, ilikuwa imepasuka. Nikaweka mpya. Nikapaka sabuni, safari hii kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na kioo cha Sista cha kujitazamia nikakiweka nyuma ili nione. Povu likatulia. Mama akanusa, akatikisa kichwa. Hakuna.

Sikuwasha. Nilimwambia Sista mpaka kesho, akakubali.

Jumamosi, 12 Julai.

Imewaka. Moto wa buluu, umetulia, hauna masizi. Maji yakatoka ya moto. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watoto wakaamka.

Sista akasimama katikati yao, akasema kwa Kinyaturu chake cha kuvunjikavunjika kwamba kuanzia leo mama huyu ndiye mwogeshaji wa watoto. Wakacheka matamshi yake, kisha wakashangilia. Mama alikunja mikono ya gauni, akajaribu maji kwa kiwiko, akapokea kitoto cha kike kilichozaliwa alfajiri. Kikalia. Kilipoingia majini kikanyamaza, kikafumbua macho.

Mimi nilitazama kutoka uani, kwa mbali, kama inavyotakiwa. Sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikimfikia mtu namna ile. Nina furaha. Sina neno jingine.

Jumapili, 13 Julai.

Baada ya ibada nimepeleka jogoo wa faini kwa baba mkwe, kwa kuwa mimi na mama tulishikana mikono. Mzee aliuliza kama nilikuwa na kosa jingine lolote, maana jogoo ni mnene. Alimchinja mwenyewe, akasema limekwisha. Tumekula uani, wanaume kwetu, wanawake kwao. Nimepewa paja.

Mafua yameanza kupungua. Tumerudi kwa baiskeli, Naomi kwenye keria, ameniegemea mgongoni. Mashamba yamevunwa, njia imekauka. Nimeendesha polepole.