Ratiba ya Theluji

Jumatatu, 2 Februari
Nimesali, nimekanda unga wa maandazi. Hapa Berea, Johannesburg, wote wazima. Baba Zuhura karudi kutoka lindoni Sandton, kalala na soksi zake. Binti yetu mdogo, Rehema, kaenda shule. Mama Furaha, Mkongo tunayegawana naye jiko, keshaanza kusuka kichwa cha mtu. Bibi yao kina Rehema, kule Tanga, mguu umepona. Kabaki Zuhura wangu, mpishi wa hoteli ya mlimani Kanada, milima ya pwani kabisa. Jumamosi anateremka kupanda ndege aje. Miaka mitatu sijamshika.

Jumanne, 3 Februari
Rehema kanisomea kwenye simu tangazo la theluji la kule. Hatari wanaipanga moja mpaka tano. Leo tatu. Theluji ya pwani imelowa, nzito, inaporomoka na miti na kufukia barabara. Barabara hiyohiyo ya Zuhura.

Jumatano, 4 Februari
Nne. Lakini hili nalijua! Ni kama mgao wetu wa umeme, steji ya nne, unakatwa kwa zamu, kila mtaa na saa zake. Nikamrekodia Zuhura: usingoje Jumamosi, ulizia saa za barabara yenu, theluji ya zamu hiyo ikishaporomoka, teremkeni hapohapo. Moyo umetulia. Najiona mjanja.

Alhamisi, 5 Februari
Nimemsimulia Mama Furaha. "Mama Zuhura, kumbe hata kule kuko ratiba? Ya hapa ilikuwa inatudanganya tu!" Tumecheka sana.
Rehema hakucheka. "Eish, Mama. Hakuna zamu. Nne ni kwamba inaweza kushuka dakika yoyote. Na sasa mvua inanyesha juu ya theluji, ndiyo mbaya zaidi."
Nimempigia Zuhura. Haiingii. Ujumbe wa kumzuia tiki moja, haujafika; ule wa jana ulishafika. Nimemtuma mwenyewe. Mimi, mama yake.

Ijumaa, 6 Februari
Tiki moja. Nimeunguza karai zima la maandazi. Baba Zuhura hakunigombeza. Bora angenigombeza.
Jioni sauti ya Zuhura ikaingia! Shikamoo mama, mtandao ulikatika. Yeye na wenzake walishafunga mizigo kwa maneno yangu. Mzee anayesimamia usalama wa barabara kawazuia: nani kawapa ratiba? Zuhura kamjibu: mama yangu, yuko Johannesburg. Baadaye wakalipua baruti huko juu, makusudi, theluji ishuke barabara ikiwa tupu. Ikafukia kona nzima. Mzee kasema, "Mama yako umeme anaujua. Theluji aniachie mimi."
Nimelia, nimecheka. Mama Furaha kapiga vigelegele mpaka jirani kagonga ukuta.

Jumapili, 8 Februari
Ndege ya jana imemwacha. Sawa tu. Kapata ya Jumatano. Leo mbili, barabara inasafishwa.
Mchana mvua ya mawe. Nimeokota jiwe moja dirishani, nikalishika mpaka likaisha.
Nimemrekodia: ushauri sina tena, msikilize mzee. Ukiivuka ile kona, mwanangu, hata neno moja, nitumie upesi.