Malkia Aliyechelewa Kufa

Kaifeng, Ijumaa

Mwanangu Lanxin,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Ile tamthilia ya kasri kwenye runinga imekwisha. Mavazi yalipendeza, na yule malkia alijua kutisha watu kwa macho tu. Ila mwisho waliurefusha mno. Malkia alikunywa sumu, kisha akahutubia mpaka chai yetu ikapoa. Baba yako akacheka: "Mama Lanxin, huyu anakufa au yuko mkutanoni?"

Kesho yake asubuhi baba yako alianguka jikoni, ameshika kifua. Nilimwinamia nikidhani atakutaja, aseme amekusamehe. Alisema, "Zima jiko, uji unaungua," akakata roho.

Tulimzika Jumatano. Ukija, usiniulize kama alikuachia neno.

Mimi mama yako,
Yunzhi